AFYA NYUMBANI: Tumbo Lina Mwendo Wake

Juma lililopita ukurasa huu ulieleza namna ya kuchemsha na kuhifadhi maziwa, jambo linalotuhusu sana sisi tuishio Mudende, penye ng'ombe na baridi. Juma hili nimeombwa na jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini, niandike juu ya jambo lililompata yeye mwenyewe. Ameniruhusu kulitangaza kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, nami nisijifiche mahali nilipokosea. Masharti yote mawili nimeyakubali.

Ilikuwa mwaka juzi, majira ya mvua ndefu. Mzee aliamka na maumivu ya tumbo yaliyokuja na kupotea, kisha yakarudi kwa nguvu zaidi. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Alikuwa hajapata haja kubwa kwa siku mbili. Majirani tulikusanyika, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alichemsha majani ya kuharisha. Mwingine alishauri apigwe bomba la maji ya sabuni. Nami, ambaye watu huniita Mwalimu na kunidhania kuwa najua, nilimtuma kijana dukani akanunue dawa ya kulainisha choo. Mzee alikunywa yale majani, na muda si mrefu akayatapika pamoja na maji ya kijani.

Ndipo alipoingia mshauri wa afya wa kijiji chetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alipiga goti kando ya kitanda, akasema, "Mzee wangu, niwie radhi kwa swali hili. Upepo wa tumbo unatoka?" Mzee akajibu kwa haya kwamba tangu jana yake jioni haujatoka hata kidogo. Yule mama akasimama, akamwaga nje sufuria ya majani, kisha akanigeukia. "Mwalimu, hiyo dawa irudishwe dukani. Kinachotakiwa hapa ni gari."

Usiku uleule mzee alipasuliwa hospitalini. Utumbo wake mpana ulikuwa umejisokota kama kamba. Daktari aliwaambia wanawe kwamba lau wangengoja mpaka asubuhi, sehemu ile ingekuwa imeoza.

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini swali moja la yule mama lilikuwa na uzito kuliko dawa zetu zote. Ili tupate jibu, hatuna budi kufahamu kwanza jinsi tumbo linavyokwenda.

MSAFARA WA CHAKULA

Wengi wetu hudhani kwamba chakula hushuka tumboni kwa uzito wake, kama jiwe litupwalo kisimani. Sivyo. Hata mtu aliyeinamisha kichwa chini aweza kumeza. Umio, yaani njia itokayo kooni hadi mfuko wa tumbo, husukuma tonge kwa wimbi la misuli: nyuma ya tonge misuli hubana, na mbele yake hulegea ili kupisha. Safari hiyo huchukua sekunde 8 hadi 10 hivi. Mwishoni upo mlango wa misuli unaofunguka kupokea tonge na kufunga tena. Kwa watu wachache mlango huo hukataa kulegea, na chakula hurundikana juu yake. Maradhi hayo huitwa akalasia, nayo hutibika hospitalini.

Mfuko wa tumbo nao hukanda chakula kama mama akandaye unga, kwa mawimbi 3 hivi kila dakika, na kukitoa kidogo kidogo. Chakula cha kawaida hukaa humo kwa saa 2 hadi 4. Kisha huingia utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, ambao hukichanganya, hunyonya lishe na kukisogeza mbele. Mwisho ni utumbo mpana, wa mita 1 na nusu, ambao hunyonya maji na kwenda taratibu. Humo mabaki huweza kukaa siku nzima au zaidi.

Kwa karne nyingi kazi hiyo ya ndani ilikuwa ya kukisia. Aliyeitazama kwa macho yake katika mtu aliye hai alikuwa daktari wa jeshi. Mnamo tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja Mkanada, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. William Beaumont, tabibu wa jeshi la Marekani, alichungulia kwa tundu hilo kwa miaka kadhaa, akapima muda wa kila chakula kulainika, na mwaka 1833 akatoa kitabu. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba hasira huivuruga kazi ya tumbo. Yafaa baba mwenye nyumba akumbuke jambo hilo kabla ya kuanzisha ugomvi wakati wa kula.

Je, ni nani anayeyaamrisha mawimbi haya? Mwaka 1899 wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walionyesha katika wanyama kwamba hata neva zote zitokazo nje zikikatwa, utumbo huendelea kubana nyuma ya chakula na kulegea mbele yake. Utumbo una neva zake wenyewe ndani ya ukuta wake, na seli za neva hizo huzidi milioni 100. Ubongo unaweza kuharakisha mwendo au kuupunguza, lakini mwendo wenyewe hautoki ubongoni. Ni kama kikosi kilichofundishwa vizuri: kamanda akiwa mbali, doria inaendelea. Askari anayehisi tumbo kuchafuka kabla ya hatari asijione mwoga, kwa maana huo ni ujumbe wa ubongo unaofika tumboni.

Hata tusipokula, utumbo haulali. Kila baada ya saa 1 na nusu hadi 2 hivi, wimbi kubwa hupita tangu mfuko wa tumbo hadi mwisho wa utumbo mwembamba, likifagia makombo yaliyosalia. Mngurumo mnaousikia kabla ya chakula, mara nyingi ni ufagio huo ukipita.

SELI ZISIZOFIKA KITUONI

Yafaa ieleweke kwamba neva hizo za utumbo hazikuumbika hapo zilipo. Mtoto angali mimba changa, kati ya wiki ya 4 na ya 7, seli zitakazokuwa neva huondoka sehemu za shingoni, zikaingia katika mwanzo wa utumbo na kutembea kuufuata mpaka mwisho wake. Seli hai zina uwezo wa kutembea. Hata chembe nyeupe za damu hutambaa hivyo hivyo kwenda penye jeraha.

Mara chache, msafara huo hukomea njiani. Sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa neva, na pasipo neva hapana anayeiamuru misuli ilegee. Sehemu hiyo hubaki imebana, na iliyo juu yake hujaa na kutanuka. Maradhi haya yalielezwa mwaka 1886 na Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, nayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Humpata mtoto 1 katika kila watoto 5,000 hivi wanaozaliwa.

Kina mama, dalili yake hainunuliwi dukani. Inataka macho tu. Mtoto aliyezaliwa kwa kutimiza miezi yake hupata choo chake cha kwanza, kile cheusi cha kunata, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Zikipita saa 48 bila choo hicho, na hasa tumbo likivimba au mtoto akitapika kijani, apelekwe hospitali bila kungoja. Madaktari huondoa sehemu isiyo na neva na kuunganisha iliyo nzima, na wengi wa watoto hao hukua vizuri. Mtoto wa namna hii asipewe dawa ya kienyeji ya kufungua tumbo.

MWENDO WA POLEPOLE

Sasa tuje kwa watu wazima. Katika jambo hili Afrika Mashariki ilitoa somo kwa dunia nzima. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyehudumu jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikiwa ni pamoja na Kenya na Somalia, alikuja kufanya kazi Uganda mwaka 1946 na kukaa huko hadi 1966, muda mwingi akiwa katika hospitali ya Mulago. Alishangazwa kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa haba vijijini Uganda. Akaazimia kupima.

Watu walimezeshwa vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikakusanywa na kupimwa. Matokeo yalichapwa mwaka 1972 katika jarida la The Lancet. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza pamoja na wake zao walipata choo cha gramu 104 hivi kwa siku, na vidonge vilisafiri kwa wastani wa saa 83. Wanakijiji wa Uganda walipata gramu 470, na vidonge vilitoka kwa saa 36 hivi. Tofauti hiyo Burkitt aliihusisha na chakula: huku ndizi, viazi, kunde na nafaka zenye makapi, kule mkate mweupe na sukari. Si kila alilolidai baadaye lilithibitishwa, lakini hili la makapi kulainisha choo na kuharakisha safari halina ubishi. Kabla yake, mwaka 1941, tabibu mwingine wa jeshi la majini, T. L. Cleave, alikuwa amekwisha kupakia magunia ya pumba za ngano katika manowari King George V ili kuwatibu mabaharia waliofunga choo.

Nasikitika kusema kwamba leo mizani inageuka. Katika nyumba zetu, mkate mweupe na chai ya sukari nyingi vimekuwa heshima, na viazi vitamu vimeachiwa wazee. Askari wa lindo hula biskuti, hunywa maji kidogo, na haja ikija huizuia kwa sababu zamu haijaisha. Utumbo mpana hauachi kunyonya maji. Choo kikikawia humo hugeuka kigumu kama kokoto.

Dawa yake ya kwanza ipo jikoni. Maharage, dodo, sombe, kabeji, viazi vitamu, mahindi ambayo hayakukobolewa, matunda, na maji ya kutosha. Makapi bila maji huzidisha tatizo, kwa hiyo viende pamoja. Asubuhi, baada ya chakula cha kwanza, mfuko wa tumbo ukijaa hupeleka ishara kwa utumbo mpana nao ukaanza kusukuma. Huo ndio wakati wa kwenda chooni, na watoto wazoezwe hivyo kabla ya kwenda shule.

Yapo pia mambo yanayopunguza mwendo bila mtu kujua: vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, mimba yenyewe, dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli, na kisukari cha muda mrefu. Mwenye hali hizo aulize katika kituo cha afya, asiache dawa kwa shauri la jirani. Aidha, mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika ghafla, au kina damu, au anakonda bila sababu, huyo asijitibu nyumbani.

MWENDO WA HARAKA

Kuharisha ni sura nyingine ya jambo hilohilo, ingawa si mwendo peke yake. Vijidudu vya kipindupindu, ambavyo huogelea kwa mkia mmoja mwembamba, hutoa sumu inayoufanya utumbo mwembamba umwage maji mengi kuliko unavyoweza kunyonya. Maji hayo hutoka, na mtu aweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa.

Wakazi wa Gisenyi hawahitaji kuelezwa hayo kwa mbali. Mwezi wa Julai 1994, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia Goma. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, kama ilivyo sehemu nyingi za huku kwetu. Vyoo havikuchimbika, na maji ya kunywa yalichotwa ziwani Kivu. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Mpaka leo, mtu wa huku anayepasua mwamba kwa nyundo ili kupata shimo la choo anafanya kazi ya maana sana kwa majirani zake.

Mtoto akiharisha, mama asitafute dawa ya kusimamisha tumbo. Dawa hizo hupooza mawimbi niliyoyaeleza, na kwa watoto wadogo zimeleta madhara makubwa. Kinachoua ni upungufu wa maji na chumvi, nao hauponywi kwa kufunga mlango. Apewe maji ya pakiti za kituo cha afya. Zisipopatikana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi isizidi, kwa kuwa ikizidi ni hatari. Mtoto anywe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa mama. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, ni safari ya kituo cha afya mara moja. Chanjo ya virusi vya rota, ambayo Rwanda ilianza kuwapa watoto mwaka 2012, isikose katika kadi ya mtoto wako.

MWENDO ULIOSIMAMA

Sasa turudi kwa mzee wangu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kujisokota kwa utumbo mpana ni miongoni mwa sababu kubwa za utumbo kuziba kwa watu wazima, na wanaume hupatwa zaidi. Madaktari wengi wanadhani kwamba chakula chenye makapi mengi, kile kile kinachotukinga na mambo mengine, huufanya utumbo wa mwisho uwe mrefu na mpana, na kitu kirefu huweza kujizungusha. Kwa watoto wachanga, hasa kati ya miezi 4 na 10, huzuka jambo lingine: kipande cha utumbo hujiingiza ndani ya kipande cha mbele yake, kama mkono wa shati uliokunjwa ndani. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutulia kama aliyepona, kisha hulia tena. Hutapika, na baadaye choo chake huwa kamasi na damu.

Katika hali zote hizi njia imefungwa. Mwenye choo kigumu bado hupitisha upepo, kwa maana upepo hupenya penye upenyo mdogo. Upepo ukikoma kabisa, tumbo likavimba na kutapika kukaanza, yaelekea hakuna tena upenyo. Dawa ya kuharisha huamuru mawimbi yasukume kwa nguvu dhidi ya ukuta, na bomba la maji laweza kupasua utumbo uliokwisha kudhoofika. Kumbe mimi na majirani zangu tulikuwa tukimwongezea mzee hatari kwa nia njema.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba, hasa wake wa askari ambao waume zao wako kazini mbali na ambao hulazimika kuamua peke yao usiku, wayakariri mambo haya manne: tumbo kuvimba, maumivu makali yanayokuja na kupotea, kutapika, hasa kijani, na choo pamoja na upepo kutotoka. Yakikutana, mgonjwa asipewe chakula, wala majani, wala dawa ya kuharisha, wala bomba. Mshauri wa afya wa kijiji aitwe, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha. Wala asikawie kwa kuona haya. Mzee wangu aliniambia kwamba siku ile alikuwa amekwisha kutambua kuwa upepo hautoki, ila aliona si neno la kusema mbele ya wakwe zake.

Hivi sasa mzee hulima viazi vyake, na jioni hukaa nami tukinywa maziwa. Juzi alimsikia mjukuu wake akilalamika tumbo. Kabla sijafungua kinywa, mzee alikwisha kumwita kando na kumwuliza lile swali. Mtoto akacheka, akakimbilia nyuma ya nyumba. Tulijua papo hapo kwamba gari halitahitajika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza juu ya uchimbaji wa choo katika ardhi yenye mwamba, na namna ya kukitunza kisitoe nzi.